Mzigo Uko Njiani: Kutoka Ujiji ya 1871 hadi Kwenye Simu Yangu

Mwaka juzi nilinunua kitabu mtandaoni na hakikufika. Hadithi yenyewe ni fupi, na najua wengi wenu mnaosoma hapa mnayo ya kwenu inayofanana nayo. Muuzaji alikuwa na ukurasa mzuri, picha za rafu zimejaa vitabu vya zamani, watu wanamsifia chini ya kila picha. Nikaona anayo kamusi ya Johnson ya Kiswahili kwa Kiingereza, ile iliyochapishwa mwaka 1939. Nikauliza bei, tukapatana, nikatuma hela kwa simu. Ndani ya dakika moja meseji ya muamala ikaingia, naye akaandika: "Asante dada yangu, mzigo unaondoka kesho."

Kesho yake akasema mzigo uko njiani. Wiki iliyofuata mzigo uko njiani. Baadaye basi likaharibika, halafu konda akapata msiba, halafu mzigo ukashushwa kituo ambacho sicho, halafu tiki mbili za bluu bila jibu, halafu tiki moja tu. Mnaelewa maana yake. Nilikuwa nimepigwa.

Ningeweza kuishia hapo, nikalaani, nikaendelea na maisha. Lakini kamusi ile haikuwa yangu. Nilikuwa nanunua kulipa deni. Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wangu wa Kiswahili aliniazima kamusi yake, toleo hilohilo, nikaipoteza. Sikumwambia. Shule ikaisha, maisha yakanipeleka Dar, yeye akastaafu akarudi kwao Ujiji. Nilipoiona kamusi kwenye ule ukurasa niliona Mungu amenifungulia njia ya kurekebisha jambo la miaka mingi. Nikampigia Mwalimu simu, nikamwambia kwa furaha: "Kuna kitu chako kinakuja." Kumbe nilikuwa naongeza ahadi hewa juu ya deni.

Katika zile wiki za kungoja nilianza kusoma habari za watu wengine waliongoja mizigo. Nilianza kwa hasira tu, nikaishia kwenye historia. Na historia, kwa namna yake, ikanirudisha Ujiji.

Malalamiko ya kale kuliko karatasi

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba sisi si wa kwanza kulizwa. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna kibamba cha udongo kinachotoshea kiganjani, kimeandikwa kwa Kiakadi yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo. Mtu aitwaye Nanni anamlalamikia mfanyabiashara wa shaba wa mji wa Uru aitwaye Ea-nasir. Hela imetolewa, shaba aliyoletewa ni mbovu, na mjumbe aliyetumwa kuidai amedharauliwa na kurudishwa mikono mitupu. Wachimbuzi waliofukua nyumba inayodhaniwa kuwa ya huyo Ea-nasir walikuta humo vibamba vingine vya wateja wanaomdai. Kwa maneno ya leo, walifukua ukurasa wake wa maoni.

Karibu na zama hizohizo, sheria za Hammurabi wa Babeli zilikuwa tayari zina kifungu kinachotuhusu. Kifungu cha 112 kinasema kwamba mtu aliyekabidhiwa fedha, dhahabu au mali nyingine aisafirishe, asiifikishe mahali alipoagizwa, akajitwalia mwenyewe, akithibitika atalipa mara tano. Angalieni sheria ile ilikomwangalia. Muuzaji hakutajwa, mnunuzi hakutajwa. Aliyetajwa ni yule wa katikati, aliyebeba. Miaka karibu elfu nne iliyopita watu walikwishajua mali inapotelea wapi: inapotelea mikononi, pale mmoja anapomkabidhi mwingine.

Na bahari yetu hii ya Hindi nayo ina kisa chake. Mwishoni mwa karne ya 19, msomi Solomon Schechter alisafirisha kutoka sinagogi moja la Kairo ya kale hadi Cambridge vipande zaidi ya laki moja na nusu vya maandishi yaliyokuwa yamerundikwa chumbani kwa karne nyingi. Humo mlikuwa na barua za wafanyabiashara waliokuwa wakisafiri kati ya Misri, Aden na pwani ya Malabar nchini India. Mmoja wao ni Abraham Ben Yiju, aliyeishi Malabar katika karne ya 12. Mwandishi Amitav Ghosh alimfufua katika kitabu chake cha mwaka 1992, na wengi wenu mmekisoma. Ben Yiju na washirika wake wa Aden walitanguliza hela kwa mfanyabiashara mmoja wa huko India ili awaletee iliki. Hela ikaliwa, iliki haikuja. Barua zikapita baharini, msimu hadi msimu, zikiuliza iliki iko wapi.

Walikuwa na silaha gani? Polisi wa Aden hawakuwa na mkono wa kufika Malabar. Mshirika mmoja alimshauri Ben Yiju amtishie yule mtu kwamba Aden wana kawaida ya kumtangaza kwa ubaya kila anayekula mali ya watu. Basi. Silaha yao ilikuwa jina. Aliyechafuka jina Aden hakopeshwi tena na meli ya msimu ujao. Ndicho tunachokifanya tunapoweka picha ya tapeli kwenye kundi la WhatsApp tukaandika "Jihadharini na huyu." Tofauti ni kwamba yule wa Malabar alikuwa na jina moja la kulinda maisha yake yote. Wa kwangu alifungua ukurasa mwingine jioni ileile.

Yadi 3,000 zilizoyeyuka

Sasa twendeni Ujiji.

Karne ya 19, biashara ya bara iliendeshwa kwa imani na mkopo. Bidhaa zilitoka Unguja zikavushwa hadi Bagamoyo, zikafungwa mizigo, zikabebwa kichwani na begani na wapagazi kupitia Ugogo na Unyanyembe hadi ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,000. Fedha ya njiani ilikuwa merikani, kaniki na shanga. Ukitaka kula, kulipa hongo kwa mtemi, kuajiri watu, unakata kitambaa, unapima shanga. Kwa hiyo mtu aliyeko bara akaishiwa kitambaa, ameishiwa kila kitu.

David Livingstone alikuwa mtu wa namna hiyo. Kila mtoto wa shule wa nchi hii amefundishwa kwamba alitafuta chanzo cha mto Nile. Kidogo sana tunaambiwa kwamba miaka yake ya mwisho aliitumia pia kungoja mizigo. Machi 1869 alifika Ujiji akiwa hoi, akitegemea bidhaa alizoagiza kutoka pwani. Aliandika katika shajara yake kwamba kati ya majora 80 ya kitambaa, kila moja la yadi 24, majora 62 yalikuwa yameibwa, pamoja na sehemu kubwa ya shanga zake nzuri. Dawa zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, mwendo wa siku kumi na tatu nyuma.

Akafanya kama sisi sote: akaagiza tena. Akaandika barua kwenda pwani, akaingia Manyema ng'ambo ya ziwa. John Kirk, aliyekuwa kwenye ubalozi wa Uingereza Unguja, akashughulikia mzigo mpya kupitia kwa Ludha Damji, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Sultani. Mzigo ukawekwa chini ya msimamizi ambaye Livingstone anamtaja kwa jina la Sherifu. Sherifu akafika Ujiji, akakaa.

Tarehe 23 Oktoba 1871 Livingstone akarudi Ujiji, amebaki mifupa kwa maelezo yake mwenyewe. Katika mzigo ule mlikuwa na yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga. Kwa vipimo vya wenyewe wa njia ile ni kama doti 750 na frasila 20. Hakukuta hata yadi moja. Hakukuta hata uzi mmoja wa shanga. Sherifu alikuwa ameviuza vyote. Alipoulizwa, alisema alipiga ramli kwa msahafu akaona mwenye mali amekwisha kufa.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu usiku, kisha nikanyamaza. Nimepewa sababu nyingi na muuzaji wangu, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mzigo umeuzwa kwa sababu mimi nimekufa.

Siku chache baadaye Henry Morton Stanley akaingia Ujiji, na kila mtu anajua salamu ile. Kisichojulikana sana ni mkoba aliokuja nao. Ulikuwa mkoba wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Stanley aliukuta Unyanyembe, umelala. Na kabla ya hapo, mapema mwaka 1871, alipofika Bagamoyo kuandaa safari yake, aliwakuta watu wa msafara wa Livingstone bado wako palepale, miezi kadhaa tangu wavushwe kutoka Unguja. Kitabuni mwake anahesabu siku 365 tangu mkoba utoke Unguja hadi ufike mkononi mwa mwenyewe. Mzigo ulikuwa njiani, naam. Njiani pale Bagamoyo, umekaa kivulini.

Nani alikosa?

Baada ya hapo ulizuka ugomvi mkubwa. Stanley alimlaumu Kirk waziwazi. Livingstone naye alikuwa na uchungu na Kirk, na zaidi na matajiri wa Unguja, akidai kwamba watu aliopelekewa walikuwa watumwa wa Mabaniani, ambao ujira wao uliishia kwa mabwana zao. Watetezi wa Kirk walisema yeye alinunua, akakabidhi, akapewa uthibitisho. Zaidi ya hapo angefanya nini akiwa Unguja? Mwaka 1871 kulikuwa pia na vita ya Mirambo iliyofunga njia ya Tabora kwenda Ujiji. Kabla yake kulikuwa na kipindupindu kilichoua watu wa misafara. Sababu za kweli zilikuwepo nyingi, na ndani ya sababu za kweli wizi hujificha vizuri sana.

Na lazima tuseme jambo lingine. Sisi tunamjua Sherifu kwa kalamu ya aliyemshitaki tu. Yeye hakuacha shajara. Huenda alikuwa mwizi mtupu. Huenda pia alikaa Ujiji miezi na miezi akilisha watu, akilipia ghala, akisikia kwa kila msafara kwamba mzungu amekufa, akaanza kwa kuuza jora moja la chakula. Simtetei. Ila msomaji wa historia asikubali haraka kesi yenye barua ya upande mmoja. Hata mimi, muuzaji wangu akiandika upande wake, sijui ataandika nini.

Lakini tukiacha lawama tukaangalia muundo wa jambo, tunaona kitu kilekile alichokiona Hammurabi. Kirk anasema nilimpa Ludha. Ludha anasema nilimpa Sherifu. Sherifu anasema mwenyewe amekufa. Kila mmoja ana mtu wa kumnyooshea kidole, na hakuna hata mmoja ambaye lazima apate hasara mzigo usipofika. Anayepata hasara ni mmoja tu, aliyeko mwisho wa njia, naye ndiye asiyeona chochote.

Sheria za kibiashara za Kiingereza, ambazo nchi zetu zilizirithi, kwa muda mrefu hazikumsaidia huyo wa mwisho. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893 ilisema kwamba, kwa kawaida, muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mali anahesabiwa amemkabidhi mnunuzi. Yaani "nimeshatuma" ilikuwa hoja ya kisheria kabisa. Sheria hiyo iliweka sharti kwamba muuzaji afanye mapatano ya maana na msafirishaji. Akimpa mzigo mtu yeyote bila utaratibu, mnunuzi anaweza kukataa kwamba amekabidhiwa. Uingereza wenyewe walibadilisha mambo baadaye kwa wanunuzi wa kawaida: Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inasema hatari ya mzigo inabaki kwa mfanyabiashara mpaka mnunuzi aushike mkononi. Imechukua zaidi ya karne moja kuhamisha hasara kutoka mwisho wa njia kuirudisha mwanzo.

Dawa tatu

Nikitazama miaka yote hiyo, naona binadamu wamevumbua dawa tatu tu za ugonjwa huu, na kila kitu kipya ni mojawapo kwa nguo nyingine.

Ya kwanza ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wahenga wale walikuwa watu wa pwani, waliijua biashara. Nchi zilipotia saini Mkataba wa Bern mwaka 1874, ukazaliwa umoja wa posta wa dunia, na taratibu kila mzigo wa rejista ukawa na namba na saini kila unapobadilisha mikono. Ile namba ya herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi mnayoiona kwenye vifurushi vya posta ni mjukuu wa daftari hilo. Kila saini inajibu swali lililokosa jibu Ujiji: nani wa mwisho kuushika?

Ya pili ni jina, ile silaha ya Aden.

Ya tatu ni kuzuia hela. Posta ya India ilianzisha mwaka 1877 huduma ambayo mpokeaji analipa postani anapochukua kifurushi, na posta ndiyo inayompelekea muuzaji hela yake. Marekani, sheria ya mwaka 1974 ikampa mwenye kadi ya mkopo haki ya kupinga deni la kitu ambacho hakikufikishwa. Mwaka 2004 ikaja Alipay nchini China: hela ya mnunuzi inashikiliwa katikati, muuzaji halipwi mpaka mnunuzi athibitishe amepokea. Watu wasiojuana kabisa wakaanza kuuziana, kwa sababu hakuna aliyelazimika kumwamini mwenzake.

Kisha tazameni kwetu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania ikafuata 2008. Tukapata njia ya kutuma hela haraka kuliko karibu mtu yeyote duniani. Hela inafika kwa sekunde. Mzigo bado unapanda basi, unashushwa stendi, unapanda bodaboda. Tumeifanya hela ikimbie, mzigo tumeuacha utembee kwa miguu, na kati ya viwili hivyo ndipo tapeli amejenga nyumba yake. Mama muuza vitenge anayekwambia "utalipia ukipokea" anajua historia hii vizuri kuliko wengi wetu.

Basi ufanye nini?

Mtu akiniuliza leo, nitamjibu kwa yale niliyofanya vizuri na yale niliyochelewa.

Andika. Siku ile mzigo usipofika, usifute chochote kwa hasira. Hifadhi meseji ya muamala, picha za tangazo, mazungumzo yote, jina lililotokea wakati wa kulipa. Mimi nilifuta nusu ya mazungumzo kwa uchungu. Lilikuwa kosa.

Uliza swali la Ujiji. Usiulize "mzigo uko wapi," maana jibu unalijua. Uliza ulikabidhiwa kwa nani, siku gani, na risiti iko wapi. Mzigo wa basi una risiti ya ofisi ya basi. Mzigo wa posta una namba. Muuzaji wa kweli mwenye bahati mbaya atakutumia risiti dakika hiyohiyo. Mwingine ataanza hadithi ya konda. Kama mzigo umetoka nje kwa posta ya rejista, mtake muuzaji afungue ulizo kwenye posta yake, kwa kuwa taratibu za kimataifa zinaweka muda wa miezi sita tangu siku ya kutuma, na "subiri kidogo" nyingi zina kazi ya kukupitishia muda huo.

Mpe siku ya mwisho, kwa maandishi na kwa adabu. Tarehe fulani mzigo ufike au hela irudi.

Kisha nenda kwa anayeshika hela, na uende mapema. Ulilipa kwa kadi, ongea na benki yako ufungue pingamizi. Ulilipa kupitia soko la mtandaoni, fungua lalamiko humohumo, usikubali kuhamishiwa WhatsApp. Ulituma kwa simu, piga kampuni ya simu siku hiyohiyo, maana hela ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kushikwa. Mimi nilipiga baada ya wiki sita. Dada wa huduma kwa wateja alinisikiliza kwa huruma, nikajua kabla hajamaliza.

Usione haya kwenda mbele. Tanzania tuna Tume ya Ushindani, inayosimamia pia haki za walaji, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ina sehemu nzima ya kumlinda mnunuzi. Kenya, haki za mlaji zimo kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 46, na tangu 2021 kuna Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za huko. Ukiona ni utapeli wa wazi, ni kosa la jinai, peleka polisi. Pengine hutapata hela. Lakini daftari la mmoja wetu likiungana na la mwingine ndipo jina linapopatikana.

Na akitokea mtu anayedai atakurudishia hela yako kwa malipo kidogo ya kutangulia, huyo ni Sherifu wa pili.

Mzigo uliofika

Kuna mwisho wa kisa cha Livingstone ambao nilikuwa sijawahi kuutazama kwa jicho hili.

Alikufa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, Abdulla Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakauchukua pamoja na shajara zake na vyombo vyake, wakaanza kutembea kwenda pwani. Hakuna aliyewaagiza. Aliyekuwa akiwaajiri amekufa. Hakuna risiti, hakuna aliyewaahidi malipo mwisho wa njia. Walipopata habari kwamba watu wa mbele hawataruhusu maiti ipite, waliufunga mwili upya kwa umbo la robota la kitambaa, la kawaida kabisa, wakapita nalo kama mzigo wa biashara. Februari 1874, baada ya miezi mingi na zaidi ya kilomita 1,500, waliufikisha Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili mwaka huo alizikwa Westminster Abbey.

Fikirini hilo. Njia ileile iliyomeza majora 62, ikameza yadi 3,000, ikalaza barua mwaka mzima, ndiyo iliyofikisha robota hili moja. Na shajara za siku zake za mwisho zimetufikia kwa sababu wapagazi hao walizifikisha.

Nilisafiri hadi Kigoma mwaka jana. Nilikwenda Ujiji mikono mitupu. Mwalimu alikuwa amekaa barazani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Nilimwambia yote, kwanza habari ya tapeli, kisha habari ya kamusi yake niliyoipoteza kidato cha tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatoka na daftari la zamani la mistari, majina yamepangwa kwa mwandiko ule niliokuwa nikiuona ubaoni. Akanionyesha mstari wangu: jina, kitabu, tarehe ya kuazima. Nafasi ya tarehe ya kurudisha ilikuwa wazi.

"Kumbe ulikuwa unajua," nikasema. "Mbona hukunidai?"

"Ulikuwa mtoto. Nilijua utaleta. Nilikuwa nangoja." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Ungeniambia imepotea siku ileile, mwanangu, ningenuna wiki moja yakaisha. Kupotea si neno. Kungoja bila habari ndiko kunakochosha."

Akachukua kalamu. Kwenye ile nafasi iliyo wazi akaandika tarehe ya siku hiyo, na mbele yake neno moja: *imepotea*. Kisha akanipa kalamu nitie saini.